Uchambuzi wa kisa: "Banoffee" ni ndizi na nini? Kadi za menyu zilizochapishwa mara tatu

Kabla sijaanza niseme tu kwamba mji sitautaja, mgahawa sitautaja, na watu wote nimewavua majina. Mwenye mgahawa nitamuita Bosi. Mpishi wa keki nitamuita Mama Keki, mana nusu ya wapishi wa keki nchi hii wanaitwa hivyo hivyo kwa hiyo hakuna atakayemjua. Aliyekosea ni mimi na huyo sijamficha.

Mazingira

Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, na ukisikia hivyo usifikirie vitabu vya hadhi, kazi zangu nyingi ni lebo za sabuni, vipeperushi vya kliniki, na menyu. Huu mgahawa uko mji wa pwani na wateja wake ni wa kila aina, wenyeji wanaokuja jioni kwa juisi na keki, wageni, familia wikiendi, na wale wanafunzi wanaokaa masaa manne na soda moja kwa ajili ya waifai. Bosi alikuwa amegundua kitu ambacho kiukweli ni cha kweli: watu hawaodi chakula wasichoweza kutamka. Mtu anaangalia menyu, anaona neno la kizungu refu, anaogopa kuchekwa na mhudumu, anaishia kusema nipe chipsi kuku. Sasa wazo lake likawa kila jina la kigeni kwenye menyu liwekewe sentensi mbili tatu za Kiswahili chini yake, limetoka wapi na maana yake nini, mteja asome, acheke kidogo, aode.

Nikaipenda hiyo kazi mana vyakula kama vitano vilikuwa na majina ya aina moja ambayo mimi huwa yananifurahisha, yale maneno yaliyobanduliwa vipande kutoka maneno mawili yakagandishwa kuwa moja. Kulikuwa na brunch ya Jumapili, mocktail mbili, rolex ya Waganda, na banoffee pie. Walimu wa lugha wanaita jambo hili uhulutishaji, na kwetu mfano wa darasani siku zote ni "chajio" kutoka chakula cha jioni na "chamcha" kutoka chakula cha mchana (sijawahi kumsikia mtu mtaani akimuita mwenzake njoo tule chajio, lakini kwenye mtihani lipo). Waingereza wao neno la kitaalamu, "portmanteau", walipewa na mwandishi Lewis Carroll mwaka 1871, kwenye hadithi yake pale Humpty Dumpty anapomweleza Alice kwamba kuna maneno ni kama begi la safari lenye pande mbili, unafunga linakuwa begi moja na ndani maana mbili.

Mimi naona neno letu wenyewe linatosha, mseto. Na mseto kwetu ni chakula kwanza kabla haujawa serikali, mchele na choroko vinapikwa pamoja vinasetwa mpaka vinashikana, ukichota kijiko huwezi kusema hapa inaishia choroko na hapa unaanza wali. Hiyo picha ya kijiko ishike, kisa chote kiko humo.

Kilichotokea: kadi ya kwanza

Brunch haikunisumbua. Breakfast na lunch, na aliyeliandikia neno hilo utetezi anajulikana, Guy Beringer, mwaka 1895 kwenye gazeti la Hunter's Weekly, hoja yake kubwa ikiwa kwamba mtu aliyelewa Jumamosi usiku asilazimishwe kuamka mapema Jumapili. Mocktail ni cocktail ya kuigiza, haina pombe, nikamaliza.

Rolex nilimuuliza mhudumu mmoja aliyekulia Kampala. Hakunijibu kwa maneno, aliniita jikoni. Akavunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, akatia kitunguu, nyanya na kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, akapigapiga kwa uma, akamwaga kwenye kikaango, mayai yalipoanza kushika akalaza chapati juu yake, akageuza, akakunja mviringo kama anakunja mkeka. Halafu ndo akasema, kaka, sema kwa Kiingereza mayai yaliyokunjwa, sasa sema haraka haraka. "Rolled eggs, roledegs, rolex." Saa ya bei mbaya imeingia hapo kama utani tu, kwamba mwanafunzi wa Makerere hana hela ya saa lakini rolex ya pale Wandegeya, mtaa wa jirani na chuo, anaimudu. Nikaandika nilichoona na nilichosikia.

Ikaja banoffee. Nusu ya kwanza ni banana, hilo hata mtoto anajua, ndizi zinaonekana kabisa kwenye pai. Nusu ya pili "offee". Kichwani kwangu likaja neno moja tu, coffee. Sikuwaza neno lingine hata kwa sekunde. Ila nikajiambia nisikurupuke nikahakikishe, nikaenda jikoni nikamkuta Mama Keki anapiga krimu, na pembeni yake kuna kopo la kahawa ya unga na kijiko kimechomekwa ndani.

"Shikamoo mama. Hii banoffee ina kahawa?"

"Marahaba. Ina kahawa mwanangu, kijiko kimoja kwenye krimu. Bila kahawa krimu inakinaisha."

Basi nikaona ushahidi umekamilika. Nikaandika hivi: "Pai kutoka Marekani. Jina lake ni muunganiko wa maneno mawili ya Kiingereza, ndizi na kahawa." Marekani niliitoa wapi? Kiukweli niliitoa hewani, pai nyingi kwenye filamu ziko Marekani. Kijana wa kaunta akasoma akaanza kuita ile pai "ndizi na kofi", jikoni wakacheka wiki nzima, kadi zikachapwa 60, zikalaminetiwa, zikawekwa mezani.

Kilichotokea: mzee na kidole chake

Kuna mzee mmoja Mwingereza kaishi pwani hii miaka mingi, vijana wa pale wanamwamkia shikamoo na anaitikia marahaba bila kuchelewa. Huwa anasoma Kiswahili polepole huku anafuata mstari kwa kidole. Siku hiyo kidole kikasimama kwenye banoffee, akaniita mana alijua mimi ndo mwandishi.

Akasema hii si kahawa, hii ni tofi. Na si Marekani, ni kwetu, Sussex.

Sasa hapa ndo sehemu inayonitia aibu, mana nilibishana naye. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba mzee, kahawa imo, mpishi kanithibitishia, nenda kaonje krimu. Akaonja. Akasema kahawa imo ndiyo, lakini jina si la kahawa. Mimi nikasikia kama mtu anayejipinga mwenyewe, kakubali kahawa imo halafu anakataa, nikatabasamu tu nikaondoka. Ilinichukua mpaka usiku kuelewa kwamba ile sentensi yake moja ndo ilikuwa jibu zima.

Usiku nikakaa nikatafuta. Pai ilitengenezwa kwenye mgahawa uliokuwa unaitwa The Hungry Monk, kijiji cha Jevington, East Sussex, kusini mwa Uingereza, mwaka 1971. Watu wawili wanahusika, mwenye mgahawa Nigel Mackenzie na mpishi Ian Dowding. Dowding alikuwa na resipi ya Kimarekani iliyokuwa inamsumbua, mara inakubali mara inakataa, inaitwa Blum's Coffee Toffee Pie, na Blum's yenyewe lilikuwa duka la vitu vitamu San Francisco. Ilikuwa ni tofi laini na juu yake krimu yenye ladha ya kahawa. Tofi yake ndo ilikuwa inagoma. Suluhisho likawa ni kuchemsha kopo la maziwa mazito matamu bila kulifungua, masaa kadhaa, ukilifungua ndani umeshakuwa na tofi ya kahawia laini. Halafu wakatafuta cha kuongezea, wakajaribu tufaha, wakajaribu machungwa madogo, mpaka Mackenzie akasema tuweke ndizi, na hapo ikakaa sawa. Jina nalo ni la Mackenzie, na aliliandika Banoffi, kwa i mwishoni. Yale ma-e mawili yamekuja baadae. Wateja wakaipenda kiasi kwamba haikuwezekana kuitoa kwenye menyu.

Na kuhusu Marekani, kumbe sikuwa mtu wa kwanza kuropoka. Mwaka 1994 supermaketi kadhaa Uingereza zilianza kuiuza kama pai ya Kimarekani, Mackenzie akaudhika, akaweka zawadi ya pauni 10,000 kwa mtu yeyote atakayethibitisha kwamba si wao walioibuni. Mgahawa wenyewe ulifungwa 2012, neno limebaki, siku hizi hata aiskrimu na biskuti ikiwa na ladha ya ndizi na tofi wanaiita banoffee.

Kilichotokea: kadi ya pili, na mtoto aliyekesha

Asubuhi nikampigia Bosi nikakiri. Yeye akacheka, akasema rekebisha, gharama tugawane. Nikaandika upya: Uingereza, 1971, jina ni ndizi na tofi. Na kwa sababu nilikuwa na aibu ya kahawa, nikaifuta kahawa isionekane popote kwenye kadi, kana kwamba nikiiacha hata herufi moja mzee atarudi na kidole chake. Kadi 60 tena.

Zikakaa siku tisa.

Siku ya kumi akaja mama mmoja, ana mtoto wa miaka mitano hivi, jana yake jioni walikuwa pale na mtoto alikula vipande viwili. Hakupiga kelele, aliongea taratibu, ambayo ni mbaya zaidi. Akasema dada (anamwambia mhudumu), mtoto wangu kalala saa saba usiku, ameruka kwenye kochi mpaka nimechoka. Mimi kahawa simpi. Mmeandika hapa ndizi na tofi, nimesoma mwenyewe, nimeshaambiwa leo na mpishi wenu kwamba ina kahawa. Kahawa imetoka wapi?

Inawezekana mtoto aliruka kwa sukari tu, au kwa sababu ni mtoto. Haijalishi. Mama alisoma kadi yetu akaamini kwamba ameambiwa kilichomo, na ndani kulikuwa na kitu ambacho hakumpa ruhusa. Kadi ya kwanza, ile ya uongo, ingemsaidia! Hebu ona hilo, etimolojia (maelezo ya asili ya neno) mbovu ilikuwa inatoa onyo sahihi, na etimolojia sahihi ikaficha kahawa.

Maamuzi na kwa nini

Niyapitie maamuzi yenyewe, mana ukiyaangalia moja moja kila moja lilikuwa na akili yake wakati linafanyika.

Kwenda jikoni kuhakikisha lilionekana ni jambo la mtu makini. Tatizo sikwenda kuuliza jina limetoka wapi, nilikwenda kuuliza kama kahawa imo, yaani nilishaamua jibu nikaenda kulitafutia shahidi. Mama Keki alinijibu ukweli mtupu kwa swali nililomuuliza. Ningemuuliza "mama, hili jina unajua maana yake?" angeniambia, mana baadae nilimuuliza na akasema bila hata kuinua macho, "si ndizi na tofi". Alijua siku zote. Hakuna aliyemuuliza.

Kubishana na mzee, hapo nilitumia ushahidi wa mdomoni kujibu swali la historia.

Kuifuta kahawa kwenye kadi ya pili ndo uamuzi ninaoujutia kuliko yote, na ulifanywa na aibu, wala haukuwa na sababu ya kikazi. Mtu akikosea upande wa kushoto anakimbilia kulia mpaka anaanguka mtaroni.

Halafu kuna uamuzi wa Bosi ambao sijausema bado. Baada ya kisa cha mama na mtoto alisema tuachane na kizungu kabisa, tutengeneze jina letu kwa utaratibu ule ule, ndizi na tofi, "ndizofi". Nikamwambia tujaribu kwenye ubao kwanza kabla ya kuchapa. Tukaliweka ubaoni wikiendi moja. Mteja wa kwanza aliuliza kama ni tangazo la ofisi. Wa pili akatuonyesha kwamba tumekosea spelingi ya "ndizi". Wa tatu alioda "hiyo ya ndizi pale ubaoni". Jumatatu tukafuta.

Uamuzi wa mwisho ulitoka kwa Mama Keki. Alisema mnanichanganya, jina ni kitu kingine na kilichomo ni kitu kingine, andikeni mara mbili. Kwa hiyo kadi ya tatu kila chakula kina mistari miwili, mmoja unaanza na "Jina:" na wa pili unaanza na "Ndani yake:". Kwa banoffee mstari wa pili unasema biskuti zilizosagwa, siagi, maziwa mazito yaliyochemshwa mpaka tofi, ndizi mbivu, krimu, kahawa kijiko kimoja, na neno kahawa limekozwa wino.

Matokeo

Hela: kuchapa mara tatu badala ya mara moja, nusu ya mara mbili za ziada nimelipa mimi, faida ya kazi ikaisha hapo hapo. Yule mama alirudi, akaambiwa kwamba sasa ukisema "bila kahawa" Mama Keki anakupigia krimu tupu, na kweli anafanya hivyo kwa bakuli dogo la pembeni. Mzee aliletewa kadi mpya, akafuata kwa kidole mpaka mwisho, akafika kwenye biskuti, akakunja uso. Kumbe nalo ni jambo, pai ya mwanzo haikuwa ya biskuti, ilikuwa na ganda la unga na siagi lililookwa, na Dowding mwenyewe ameshasema hapendi kabisa hii tabia ya biskuti zilizosagwa. Mama Keki alipoambiwa alijibu kwamba Dowding aje alipie gesi ya kuoka hilo ganda.

Uchambuzi

Nianze na neno lenyewe. Chukua toffee na coffee, zitenganishe. Tofauti yao ni sauti moja tu, ya mwanzo, t na k. Kilichobaki "offee" ni kile kile. Sasa mtu anapounda banoffee anakata kichwa cha neno la pili ili alibandike kwenye mkia wa banana, na kichwa anachokikata ni ile ile sauti moja iliyokuwa inatofautisha. Yaani kitambulisho kimebaki sakafuni. Unaweza kulitazama hilo neno mchana kutwa, kwa sikio au kwa jicho, halitakuambia kama lilikuwa tofi au kahawa, ni kile kijiko cha mseto nilichosema. Kwa hiyo kosa langu halikuwa kwamba sikulichunguza neno vya kutosha. Hata ningelichunguza mwaka mzima, lenyewe halina uwezo wa kujibu, anayejibu ni aliyelipa jina au watu waliokuwa karibu naye.

Linganisha na brunch. Pale "br" ya breakfast imebaki, "unch" ya lunch imebaki, na mlo wenyewe unakaa katikati ya hiyo milo miwili, kwa hiyo maana inasaidia sauti. Hata hivyo jarida la Punch mwaka 1896 lilifanya utani kwamba ukila karibu zaidi na asubuhi ni brunch, ukila karibu zaidi na mchana ni "blunch", na hilo la pili limekufa bila mtu kulilia. Kwa hiyo nalo lingeweza kwenda kokote. Kinacholiokoa ni kwamba mwaka na mtu vinajulikana.

Pili ni ushahidi wa jikoni, na hapa ndo pananoga. Ile kahawa ya Mama Keki haikuwa ajali wala ubunifu wake. Resipi mama ilikuwa Coffee Toffee, kahawa na tofi zikiwa pamoja kwenye jina lenyewe tena kwa vina, na kahawa iliendelea kuishi ndani ya krimu ya Banoffi ya Sussex. Mackenzie alipopanga jina jipya alichagua viwili vya kutaja, nadhani ndizi kwa sababu ndo ilikuwa ngeni, na tofi kwa sababu ndo mwili wa pai. Kahawa akaiacha nje ya jina, lakini hakuitoa kwenye bakuli. Kwa hiyo nilikuwa na ushahidi halisi kabisa, wenye historia ndefu kuliko nilivyojua, ila ulikuwa unajibu swali lingine. Hata Marekani yangu ya kuropoka ilikuwa na punje ya ukweli, mzazi wa hiyo pai alikuwa Mmarekani. Makosa ya namna hii ndo magumu kuyaona, mana ukiyagusa unakuta chini kuna kitu kigumu, unadhani ni msingi.

Tatu, rolex. Nilijisifu sana kwamba ile niliipata kwa kuuliza mtu wa karibu na chakula. Nikikaa vizuri naona njia ilikuwa ile ile, niliuliza mtu mmoja, nikaamini, nikaandika. Kilichotofautiana ni swali. Yule kaka nilimuuliza jina limetokea wapi, Mama Keki nilimuuliza kuna nini ndani. Ningewabadilishia maswali, rolex ningeiandika kwamba ni kabichi na kitu, na banoffee ningeipata sawa siku ya kwanza. Tena rolex inaonyesha jambo lile la kadi ya pili, jina linataja mayai na kukunjwa, chapati yenyewe ambayo ndo inashibisha haimo kabisa kwenye jina. Mtu asiyekula ngano akisoma "mayai yaliyokunjwa" akaoda, ameumia.

Hilo la jina kutokuwa orodha ya viungo ndo naliona kubwa kuliko lile la tofi na kahawa, ingawa ndo nililichelewa zaidi. Anayetoa jina anachagua cha kujivunia. Mwenye tumbo anataka kujua cha kuogopa. Mistari miwili ya Mama Keki inafanya kazi kwa sababu haiwalazimishi hao wawili kugombania sentensi moja.

Ndizofi nayo ilinifundisha kitu kidogo. Banoffee ilikubalika kwa sababu ilizaliwa mezani, jina na pai vilifika kwa wateja pamoja, watu wakaipenda pai na jina likashika humo humo. Sisi tulileta jina kwa kitu ambacho kilikuwa na jina tayari. Na vipande vyetu havikukaa vizuri, "ndiz" peke yake hakuna anayeisikia kama ndizi, wakati Mwingereza akisikia "ban" na mbele yake ameona sahani, banana inamjia yenyewe. Pengine ndo mana hata chajio imebaki darasani.

Kilichofanya kazi bila mpango ni wahudumu. Hawakusoma kadi yoyote kati ya zile tatu, wao walikuwa wanaandika oda kwenye vijikaratasi na kupeleka jikoni, na kwa sababu hakuna mwenye muda wa ma-f mawili na ma-e mawili wakati meza sita zinasubiri, waliandika wanavyotamka. Nilivipiga picha siku ya kukabidhi kazi, vimebanwa kwenye msumari juu ya sinki, vingine vimelowa mafuta. Juu kabisa kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: BANOFI 2, MOJA BILA KAHAWA. Nikamwonyesha yule mzee. Akatazama kwa muda, akaweka kidole kwenye ile I ya mwisho, akasema kule kwao lilianza hivyo hivyo, limepungua f moja tu.